Huko Wanakula Nini

Bibi ameshafariki, kwa hiyo hakuna tena wa kumwomba ruhusa. Alikuwa mama wa mwajiri wangu, na kazi yangu katika nyumba ile ya Khuwair ya Kusini ilikuwa kumtunza yeye: kumwogesha, kumpikia uji, kumkanda miguu, kumshika mkono akienda msalani. Mimi ni Mkristo wa Singida. Yeye alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa tayari mama wa watoto, na mpaka uzee wake aliota kwa Kiswahili na kugombana kwa Kiarabu. Tuliishi vizuri kuliko ninavyoishi na baadhi ya ndugu zangu wa damu. Naandika haya kwa sababu nilimfanyia kosa kubwa, na kabla ya kosa hilo nilimdanganya, na yote mawili yanamhusu mwanangu.

Mwanangu alifariki nikiwa Muscat. Nilimwacha binti huyo kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu na nusu, na alipokufa alikuwa na saba. Homa ya siku tatu. Simu iliingia asubuhi nikimenya vitunguu saumu. Nilisikiliza mpaka mwisho, nikaiweka simu mezani, nikaendelea kumenya mpaka bakuli likajaa. Halafu nikanawa mikono, nikakaa sakafuni, na hapo ndipo aliponikuta bintiye Bibi, ambaye nilimwita madamu kama nilivyofundishwa na wakala aliyenileta.

Siku hiyohiyo madamu alinitafutia tiketi ya ndege. Watu nikiwasimulia hupenda kusikia kwamba nilinyimwa ruhusa, kwamba pasi yangu ilifungiwa kabatini. Pole zao. Tiketi ilikuwepo na mimi ndiye niliyeikataa. Nilisema ameshazikwa, naenda kufanya nini. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nikiwa Muscat mtoto alikuwa mbali tu, kama alivyokuwa mbali siku zote. Nikifika Singida angekuwa amekufa.

Ijumaa iliyofuata nilikwenda kanisani Ruwi. Wanawake wenzangu walinikumbatia, wakaniambia yuko mahali pema. Mmoja akasema Mungu amempenda zaidi, nikatamani kumzaba kibao. Baada ya ibada nilimsubiri mchungaji kwenye kivuli cha magari nikamwuliza swali moja, lile lililokuwa limenikaa kooni tangu siku ya vitunguu: huko aliko, anakula nini? Mchungaji alinitazama kwa huruma. Akasema roho haili, dada yangu, huko hakuna njaa wala kiu. Nilimshukuru, nikaenda kupanda basi, na njia nzima nilikuwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Mtoto asiyekula namjua wapi mimi? Huyo ni picha, na picha nilikuwa nazo za kutosha kwenye simu.

Kwa hiyo nikamwuliza Bibi. Kila siku, baada ya kusali alasiri, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, pazia limefungwa kuzuia jua, kiyoyozi kinanguruma juu yetu. Mimi nilikaa chini, miguu yake mapajani mwangu juu ya taulo, nikimkanda kwa mafuta ya nazi. Alikuwa na miguu mikavu yenye mishipa mingi, na kila nikifika kisigino cha kushoto alifumba macho.

"Bibi, huko walikokwenda, wanakula nini?"



"Dini yangu ina lake la kusema, na yenu ina lake. Hayo waulize wenye ilmu," alisema. "Miye nna hadithi tu. Si dini hii, Mwenyezi Mungu anisamehe. Waitaka?"

"Naitaka."

Palikuwa na mwanamke, akasema, aliyekufa anachambua mchele. Akafika huko akalikuta sinia lake lamngoja, na chuya na vijiwe palepale alipoviachia. Hakuulizwa kitu. Aliambiwa tu, kwanza maliza. Akamaliza. Alipomaliza akapewa kazi: kuwapikia watoto waliofika peke yao, ambao mama zao bado wako duniani. Jiko kubwa, mpishi mmoja, na watoto wamekaa kwenye benchi refu wanangoja. Hawapewi asali wala matunda ya peponi. Kila mtoto hupewa kile alichokuwa akila kwao.

"Sasa mpishi atajuaje?" niliuliza.

"Twampelekea sisi. Kila ukimkumbuka mtoto na chakula chake, khabari hufika jikoni. Mpishi hana kitabu kingine." Kisha akafumbua jicho moja. "Wako akipenda nini?"

Hapo ndipo nilipodanganya. Sikupanga. Nilifungua mdomo kujibu swali ambalo mama yeyote hulijibu bila kufikiri, nikakuta hakuna kitu. Nilipomwacha alikuwa anakula chochote anachowekewa. Na miaka yote ile kwenye simu niliuliza anasoma, anaumwa, anakutii, viatu vinamtosha. Hata siku moja sikuuliza leo mmekula nini. Mezani karibu na Bibi palikuwa na sahani ya vitumbua nilivyompikia asubuhi, vimebaki viwili, vimefunikwa kitambaa. Macho yangu yaliangukia hapo.

"Vitumbua," nilisema.

Kwetu hakuna vitumbua. Kijijini kwetu wali wenyewe ni wa Krismasi. Mwanangu amekufa hajawahi kukiona kitumbua kwa macho yake.

"Vitumbua," Bibi akarudia polepole. "Haya."

Kesho yake alasiri mtoto wangu alikuwa ndani ya hadithi. Aliingia jikoni kwa mpishi ameshika viatu mkononi asivichafue, akakaa mwisho wa benchi, akaletewa vitumbua viwili kwenye sahani ya bati. Siku iliyofuata aligombea kikombe na mwenzake. Siku nyingine akasaidia kuchochea moto akapewa mwiko arambe. Mambo madogo madogo tu, hakuna malaika, hakuna mwanga, na nilipokuwa nayasikiliza nilihisi damu inarudi mwilini. Nilianza kuamka kwa ajili ya saa ile moja. Nilideki haraka, nikapika haraka, nikaanika nguo nikikimbia juani, ili alasiri ikifika niwe nimeshakaa chini na chupa ya mafuta. Kanisani niliacha kwenda. Nilikuwa na mahali pangu pa kumwona mtoto, na saa ya kumwona.

Asubuhi, baada ya chai, Bibi alikuwa akiandika. Alivaa miwani yake minene, akainamia daftari la shule lenye jalada la buluu, akaandika kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, akipumzika kila mstari. Mimi herufi zile sizisomi. Lakini Bismillahi naijua kwa umbo, maana iko kwenye fremu sebuleni, iko kwenye kioo cha gari la madamu, iko mlangoni kwa jirani, na kila daftari la Bibi lilikuwa nayo juu ya ukurasa wa kwanza. Nikajua ananakili dua. Nilipopita nilitembea kwa vidole. Sikuwahi hata kuweka kikombe juu ya daftari lake.

Halafu hadithi ikageuka. Siku moja Bibi alisimulia habari ya mtoto mwingine pale kwenye benchi, mvulana, ambaye kila siku aliletewa samaki wa kukaanga na kila siku aliisukuma sahani.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Hapendi samaki. Apendaye samaki ni babake. Baba akimkumbuka mtoto, hujikumbuka mwenyewe, na jikoni wapata khabari ya samaki."

"Kwa hiyo hali?"

"Atakula nini, na ndicho alicholetewa?"

"Mpaka lini, Bibi?"

"Mpaka huko duniani waulizane."

Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nilitazama uso wake, sikuona kitu. Mikono yangu ilikuwa imesimama kwenye kisigino chake, na akakitikisa kidogo kunikumbusha kazi.

Kuanzia hapo alasiri iligeuka kuwa mateso. Mwanangu aliletewa vitumbua na mimi nilimwona wazi anavitazama. Nilitaka kusema, Bibi, nisamehe, nilidanganya. Lakini angeniuliza basi ukweli ni upi, na ukweli nilikuwa sina. Aliyekuwa nao ni mama yangu, na mimi na mama tulikuwa hatumtaji mtoto. Tangu nilipokataa kwenda, simu zetu zilikuwa za mvua na bati la jikoni. Kila siku nilisema kesho nitapiga. Nikishika simu, kidole kinakataa. Nilianza kuunguza vyakula. Nilisahau chumvi, nikaweka mara mbili. Najua ilikuwa ni hadithi tu, mimi si mwendawazimu, lakini mwambie mama yeyote kwamba mtoto wake ameketi mahali na njaa kwa sababu yake, uone kama atakuuliza ushahidi.

Jumanne moja nilimkuta Bibi sakafuni bafuni. Mdomo ulikuwa umekwenda upande, na jicho moja lilinitazama lingine halinitazami. Gari la wagonjwa lilikuja, madamu akapanda naye, mimi nikabaki nyumbani na bafu lililolowa.

Siku ya tatu madamu alipiga simu kutoka hospitali. Bibi atarudi, alisema, lakini kitanda cha hospitali kitaletwa nyumbani, chumba kitolewe kila kitu.

"Na makaratasi, dada. Yaliyoandikwa dini usitie katika taka, haram. Tia mfuko, peleka kwenye sanduku la msikitini."

Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya katika nyumba ile. Nilinawa kwanza. Nikachagua: risiti huku, dawa zilizokwisha muda huku, na kila chenye herufi zile huku, kalenda za zamani, vijitabu vya dua. Chini ya kanga za Bibi kabatini nikakuta madaftari yake, tisa, yamepangwa. Nikafungua moja baada ya jingine nione. Bismillahi, Bismillahi, Bismillahi. Nikayafuta vumbi. Msikiti uko nyuma ya maduka, mwendo wa dakika tano, na nje ya ukuta wake kuna sanduku la chuma la kijani lenye mdomo mwembamba. Ilinibidi nisukume madaftari moja moja. Niliporudi nilijisikia vizuri, kama mtu aliyetoa sadaka, na nikafikiri Bibi akipona nitamwambia namna nilivyoiheshimu dini yake.

Alirudi baada ya wiki mbili. Upande wa kulia ulikuwa umekufa, na sauti iliyobaki ilikuwa moja tu, aa, ya kutaka na ya kukataa. Tulipomlaza alitazama kabati. Akainua mkono wa kushoto akaonyesha. Nikamletea kanga. Aa. Nikamletea kanga nyingine, msahafu, miwani, chetezo cha udi. Aa, aa. Akalia kwa hasira, machozi yakimtoka jicho moja zaidi ya jingine. Siku mbili nzima nilimbebea vitu vya kabati lile kimoja kimoja, mpaka sindano na uzi, na kila kimoja alikisukuma.

Siku ya tatu madamu alitoka kazini mapema, akasimama akaufuata ule mkono kwa macho.

"Ah. Yaani anataka madaftari yake. Ya riwaya."

"Riwaya gani?" niliuliza.

"Wallahi hujui? Huyu mama yangu ana riwaya yake, anaandika miaka. Ya watu waliokufa, sijui kuna mpishi. Sisi tukimcheka."

"Kwa Kiarabu?"

"Kiarabu wapi, dada. Kiswahili. Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa chuo cha Kurani huko Unguja. Hata hakati shauri aandike nini mpaka ameanza na Bismillahi. Hata unga akikanda ataanza na Bismillahi." Akafungua kabati. "Umeyaweka wapi?"

Nilimwambia. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Madamu alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na ningemshukuru kama angenipigia kelele. Bibi alikuwa amesikia yote, masikio yake yalikuwa mazima. Alinitazama kwa lile jicho zima, kisha akageuza uso ukutani.

Nilitaka kufa, na sisemi hivyo kwa mazoea. Kiswahili. Lugha niliyonyonyea. Madaftari tisa yalipita mikononi mwangu, yameandikwa kwa lugha yangu mwenyewe, mwanangu yumo ndani ameketi kwenye benchi, na mimi nikamfuta vumbi nikamtumbukiza kwenye tundu la chuma. Mara ya kwanza alizikwa sikuwepo. Mara ya pili nilimzika mimi.

Nilikimbia mpaka msikitini bila ushungi kichwani. Mtunza msikiti alikuwa Mbangali mzee anayefagia uani. Kwa Kiarabu changu cha jikoni nilimwuliza karatasi ziko wapi. Alifungua sanduku anionyeshe. Tupu. "Ams," alisema, akaonyesha mgongoni kwake, jana. "Sayyara. Khalas." Gari limeshazichukua. Nikakaa chini palepale kwenye lami, na lami ya Muscat saa tisa mchana haikaliwi. Nilisikia inaniunguza, nikaona sawa tu.

Madamu alinikuta hapo na gari. Hakuvua hata abaya ya kazini. "Panda," alisema. Alikuwa ameshapiga simu tatu njiani na kujua karatasi hupelekwa wapi, ghala fulani upande wa Amerat, zinasubiri kusagwa. Tulipanda mlima nyuma ya malori, majabali pande zote yamekauka kama mkate uliosahauliwa. Tukiwa kileleni madamu alisema, "Siku zote akitaka kunisomea, nimemwambia, mama nitakusikiliza wiki ijayo."

Ghala lilikuwa limejaa magunia mpaka darini. Mlinzi alitupa muda mpaka magharibi na akatuonyesha kona ya magunia yaliyoletwa jana na juzi. Tukayamwaga. Nilifikiri nitayajua madaftari kwa jalada la buluu, lakini watoto wa shule wa mji mzima huandikia somo la dini madaftari ya jalada la buluu. Yalikuwa mamia. Madamu alifungua, akasoma mstari mmoja, akatupa upande, akafungua. Mimi sikuwa na la kusoma. Kwangu kila ukurasa ulikuwa uleule, na nikaona siku zangu zote Muscat zimekuwa hivyo, nimezungukwa na maneno nisiyoyajua na kuyaheshimu kwa umbo. Nilianza kuyanusa. Bibi alikuwa na tabia ya kulishika daftari baada ya kukandwa, kabla hajanawa mafuta aliyojipaka mikononi. Nilipiga magoti kwenye vumbi nikanusa daftari moja moja kama mbwa, mlinzi ananitazama, sijali.

Moja lilinukia nazi.

Moja tu. Kesho yake asubuhi tulirudi, tukapekua tena mpaka mchana, na yale manane hayakuonekana. Magunia mengine ya siku ile yalikuwa yameshakwenda kwenye mashine.

Lakini siku ile ya kwanza, mlinzi alipotutoa, tulikaa ndani ya gari mbele ya ghala na madamu akalifungua lile daftari. Lilikuwa la mwisho, nusu yake tupu. Alitafuta ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Alisoma polepole, mwandiko wa mama yake ulikuwa unatetemeka, na kila neno alilirudia moyoni kwanza kabla ya kulitoa.

"Asubuhi hiyo yule binti wa Singida aliletewa vitumbua," alisoma. "Akavitazama. Akaisukuma sahani kwa adabu. Mpishi akamwuliza, huvipendi? Akasema, sivijui. Mpishi akasema, mamako ndiye aliyeviagiza. Akasema, mama hajui, alikuwa kazini. Atauliza." Madamu akaegesha kidole chini ya mstari. "Mpishi akaondoa vitumbua, akaweka mbele ya mtoto sahani tupu. Wakakaa wanangoja."

Hapo maandishi yaliishia. Siku iliyofuata ilikuwa ile Jumanne ya bafuni.

Bibi alijua. Alijua tangu siku ya kwanza. Mwanamke wa Unguja hawezi kudanganywa kuhusu nani anapika vitumbua na nani hapiki. Alinyamaza akaandika. Aliandika kwamba nilikuwa kazini, na katika watu wote walionifariji hakuna aliyewahi kunipa neno lile, hata mimi mwenyewe sikuwahi kujipa. Nililia kwenye gari la mwajiri wangu mpaka kioo kikaingia ukungu. Madamu hakuniuliza vitumbua vya nini. Aliweka daftari mapajani mwangu, akashuka, akaenda kusimama mbali na gari akinipa mgongo.

Nikampigia mama.

"Mama," nilisema baada ya salamu, "mtoto alikuwa anapenda kula nini?"

Nilisikia kuku upande wa pili. Nilisikia mama anaweka kitu chini.

"Unauliza leo?"

"Nauliza leo."

"Kiporo," alisema. "Kiporo cha viazi vitamu. Cha moto hataki. Nikiepua usiku ananiambia, bibi, changu mpaka kesho. Anakichagua mwenyewe, anakifunika na kikombe, asubuhi anakwenda kukifunua." Kuku walilia tena upande wake. "Ile siku ya mwisho ya homa nilimwekea. Nikakifunika na kikombe chake. Kikakaa siku mbili pale, nimeshindwa kukiondoa. Mwisho nikampa mbuzi."

Akaanza kulia. Mama yangu hakuwahi kulia mbele yangu, hata babangu alipofariki, na sasa alilia kama mtu aliyengoja zamu yake miaka. Nilimsikiliza. Sikumwambia nyamaza. Sikumwambia yuko mahali pema. Kaburi la mwanangu mpaka leo sijaliona, sina la kujitetea, lakini tangu siku ile mimi na mama hatujazungumza habari za bati tena.

Alasiri iliyofuata, tuliporudi kutoka Amerat mara ya pili mikono mitupu, niliingia chumbani kwa Bibi. Uso ulikuwa bado umeelekea ukutani. Nilikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, nikamwambia yote nikiongea na kisogo chake. Kwamba vitumbua nilidanganya. Kwamba madaftari manane yamekwenda, na mkono ulioyapeleka ni huu. Kwamba nimeuliza. Nikamweleza habari ya kiazi na kikombe, na nilipofika kwa mbuzi ilibidi nipumzike.

Hakugeuka. Hakutoa hata ile sauti yake. Nilikaa kiyoyozi kikinguruma, nikaona haya ndiyo malipo yangu na ni haki. Kisha shuka likajongea. Kwa taabu, kidogo kidogo, Bibi alikuwa anasukuma mguu wake wa kushoto, ule mzima, mpaka ukatoka nje ya shuka hadi kwenye kifundo.

Nilileta chupa ya mafuta. Nilimkanda mguu ule, halafu nikamkanda na ule mwingine usiohisi kitu. Nilipomaliza nikachukua daftari, sikunawa, nikafungua ukurasa mtupu baada ya mstari wake wa mwisho. Mimi naandika kwa herufi zangu za shule ya msingi, kutoka kushoto. Niliandika mistari miwili, kisha nikamsomea kwa sauti, karibu na sikio: asubuhi hiyo mpishi akakikuta kwenye benchi kikombe kimefunikwa juu ya kitu, kimekuwa kikingoja hapo muda mrefu. Akamwita yule binti wa Singida aje akifunue mwenyewe. Chini yake palikuwa na kiazi kilicholala, naye akala chote, akaomba kingine.